Kubadilisha pawasaplai ya kompyuta ya mezani: mwongozo kwa walioko Mtwara na Lindi

Jana jioni kompyuta ilikuwa inafanya kazi vizuri. Umeme ukakatika, ukarudi, na tangu hapo ukibonyeza kitufe hakuna kinachotokea. Au inawaka, unaandika nusu ukurasa, inajizima yenyewe. Maswali ya namna hii yananifikia mara kwa mara kutoka Ligula na Shangani, Masasi, Nachingwea mpaka Kilwa. Wanaouliza ni walimu, wenye stesheneri, makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) ambao msimu wa korosho umefika na mashine imegoma. Karibu wote humalizia na swali lile lile: "Fundi kasema pawasaplai imekufa, nitume hela Dar waninunulie?" Pawasaplai ni lile boksi dogo ndani ya kompyuta linalopokea umeme wa ukutani na kulisha vifaa vingine.

Usitume bado. Kifaa kinachotoka Kariakoo kinasafiri zaidi ya kilomita 500 kufika Mtwara. Kikifika hakiingii kwenye kesi, au plagi zake si za mashine yako, au ukagundua pawasaplai ya zamani ilikuwa nzima na tatizo lilikuwa waya tu, hela na siku zimepotea, na muuzaji aliye mbali kumrudishia mzigo si kazi ndogo. Ndiyo maana karibu nusu ya mwongozo huu ni ya kupima na kuhakikisha. Kufunga kwenyewe ni kazi ya saa moja kwa mtu anayefanya mara ya kwanza bila haraka.

Mwongozo huu ni wa kompyuta ya mezani, lile boksi la chuma. Laptopu ina mambo yake mengine.

Soma hapa kabla hujashika bisibisi

Pawasaplai yenyewe haifunguliwi. Unaitoa nzima na kuweka nyingine nzima. Ndani yake umeme wa ukutani wa volti 230 hugeuzwa kuwa umeme wa moja kwa moja (DC), na kwenye kapasita kubwa, vile vikopo vinavyohifadhi chaji, hufika karibu volti 325. Ukichomoa waya ukutani, kapasita hizo zinaweza kubaki na chaji, na chaji hiyo inaweza kuua mtu. Nimeona vijana wakifungua pawasaplai mbovu ili kupulizia vumbi au kutafuta fyuzi ya ndani. Tafadhali usifanye hivyo, na pawasaplai uliyoitoa usiiache mahali ambapo watoto wataifungua kutafuta shaba. Hata feni yake ikikwama, usichokoe kwa bisibisi kupitia matundu ya wavu.

Kazi zote za kugusa nyaya ndani ya kesi zifanyike waya wa ukutani ukiwa umechomolewa. Kuzima swichi ya ukutani peke yake hakutoshi.

Vinavyohitajika

- Bisibisi ya nyota ya ukubwa wa kati. Ikiwa na sumaku kichwani, bora zaidi.
- Mita ya kupimia umeme. Ile ya dijitali ya bei ya chini inatosha kabisa. Kama huna, azima kwa fundi redio au fundi umeme wa mtaani.
- Simu yenye kamera.
- Brashi laini ya rangi, kavu na safi.
- Kipande cha waya uliovikwa plastiki, urefu wa kidole, uliomenywa ncha zote mbili. Ni cha jaribio la hatua ya 4.
- Kikombe au kisosi cha kuwekea skrubu.
- Kitambaa kikavu cha kufutia jasho. Mchana wa Lindi au Mtwara, ukiinama juu ya mashine iliyo wazi, jasho litadondoka tu, na jasho lina chumvi. Tone moja kwenye mazabodi (ule ubao mkuu unaobeba vifaa vyote ndani ya kesi) usiloliona leo litakula njia za shaba polepole. Fanya kazi asubuhi au jioni kukiwa na upepo.
- Meza. Usifanyie kazi juu ya zulia wala jamvi la nailoni.

Kwanza: ni pawasaplai kweli?

1. Anzia ukutani. Chomeka taa au chaja ya simu kwenye soketi ile ile. Kama unatumia ekstensheni, iondoe, chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani. Plagi zetu za pini tatu bapa nyingi zina fyuzi ndogo ndani, na ikikatika utadhani mashine imekufa. Halafu fanya jambo rahisi ambalo wengi hawalifikirii: chukua waya wa umeme wa skrini. Mara nyingi ni wa aina moja na wa kompyuta. Kama skrini ilikuwa inawaka kwa waya huo na kompyuta haiwaki kwa waya huo huo, waya si tatizo.

Nyuma ya pawasaplai tazama swichi yenye alama I na O. Ni lazima iwe upande wa I. Kuna watu wamelipa hela ya fundi kwa sababu ya swichi hii tu, iliyoguswa siku ya kufagia.

2. Ondoa mabaki ya umeme. Chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie sekunde 15, subiri dakika chache, rudisha waya, jaribu tena. Umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika, pawasaplai nyingi hujifunga zenyewe kujilinda, na hazifunguki mpaka chaji iishe. Hatua hii ni bure na imewaokoa wengi.

3. Fungua kesi utazame. Chomoa kila kitu, laza kesi kwa ubavu, toa skrubu mbili au tatu za nyuma na uvute ubao wa pembeni. Kabla ya kugusa chochote, piga picha: moja ya ndani nzima, na moja moja kwa karibu ya kila plagi ilipochomekwa. Picha hizi utazihitaji mara mbili, wakati wa kununua na wakati wa kufunga. Gusa chuma kisicho na rangi cha kesi ili mwili wako utoe umeme tuli, na uendelee kukigusa kila baada ya muda.

Sasa nusa. Harufu ya kuungua karibu na matundu ya pawasaplai haijifichi. Kisha tazama plagi kubwa kuliko zote, ya pini 24, inayoingia kwenye ukingo wa mazabodi. Bana kikamatio chake kwa kidole, ichomoe taratibu ikiwa imenyooka, igeuze uangalie midomo ya pini moja baada ya nyingine kwa tochi ya simu. Plastiki inatakiwa kuwa na rangi moja pote. Ukiona pini moja imezungukwa na rangi ya korosho iliyoungua, hapo palikuwa panapata moto kwa muda mrefu, kwa sababu pini ililegea au ilishika kutu. Karibu na bahari chuma kinapata ukungu mweupe au kijani upesi, hasa kwenye nyumba ambazo madirisha yanafunguka upande wa pwani. Angalia pia soketi ya mazabodi yenyewe, kwa sababu kama imeungua nayo, pawasaplai mpya peke yake haitakuponya.

Ukiwa hapo hapo, toa ramu (vile vibao vyembamba vya kumbukumbu vilivyosimama kwenye mazabodi), zipanguse sehemu ya dhahabu kwa kitambaa kikavu, zirudishe mpaka zilie "tak" pande zote. Ramu iliyolegea huleta dalili zinazofanana sana na pawasaplai mbovu: feni zinazunguka, skrini nyeusi.

4. Jaribio la waya wa kijani. Hili ndilo linaloamua. Hakikisha waya wa ukutani umechomolewa. Chomoa plagi ZOTE za pawasaplai kutoka kwenye mazabodi, hadidiski, kadi ya grafiki, kila mahali. Acha kitu kimoja tu cha kuipa mzigo: feni ya kesi au deki ya DVD ya zamani, maana baadhi ya pawasaplai hazikubali kuwaka zikiwa tupu. Usitumie hadidiski yenye kazi zako.

Kwenye plagi ya pini 24 kuna waya mmoja tu wa kijani. Kulia na kushoto kwake kuna nyaya nyeusi. Ingiza ncha moja ya kile kipande cha waya kwenye tundu la kijani na nyingine kwenye tundu jeusi la jirani. Weka plagi juu ya meza, mbali na chuma, toa mikono, ndipo uchomeke waya ukutani na kuwasha swichi ya nyuma.

Feni ikizunguka na kuendelea kuzunguka, pawasaplai ina uhai, nenda hatua ya 5. Ikizunguka kidogo na kusimama, au isipojigusa kabisa, na tayari umeshahakikisha waya na soketi, pawasaplai imekufa.

Kama nyaya zote za plagi yako ni nyeusi, usikisie tundu. Peleka kwa fundi mwenye kipimio maalumu cha pawasaplai. Vilevile, kama plagi kubwa ya mashine yako si ya pini 24, usifanye jaribio hili. Ruka uende hatua ya 6.

5. Pima volti. Pawasaplai ikiwa inawaka, weka mita kwenye umeme wa moja kwa moja (DC), kiwango cha volti 20. Ncha nyeusi ya mita iingie kwenye tundu lolote jeusi, ncha nyekundu ipite kwenye rangi hizi:

- Njano: volti 12. Inakubalika kati ya 11.4 na 12.6.
- Nyekundu: volti 5. Kati ya 4.75 na 5.25.
- Rangi ya chungwa: volti 3.3. Kati ya 3.14 na 3.47.
- Zambarau: volti 5. Huu unatakiwa kuwa na umeme muda wote waya ukiwa ukutani, hata kompyuta ikiwa imezimwa.
- Kijivu: karibu volti 5 pawasaplai ikishatulia.

Shika ncha vizuri, usiunganishe matundu mawili kwa ncha moja. Andika namba kwenye karatasi.

Kuna mtego hapa. Pawasaplai inayochoka inaweza kuonyesha volti nzuri ikiwa haina mzigo, halafu ikaanguka kompyuta inapoanza kufanya kazi kweli. Kama tatizo lako ni kujizima katikati ya kazi, rudisha plagi zote, washa kompyuta, na upime kwenye plagi kubwa ya pini nne ambayo haijatumika, waya wa njano kwa mweusi, huku mashine imeshughulishwa: video inacheza, faili zinahamishwa. Ukiona 12 inashuka mpaka 11.3 au chini yake, umempata mwizi. Isiposhuka, chunguza feni ya prosesa (ile iliyokaa juu ya ubongo wa kompyuta, katikati ya mazabodi) kabla ya kununua chochote. Ile simenti laini inayounganisha feni na prosesa ikikauka, prosesa inapata joto na mashine inajizima vile vile.

Kununua iliyo sahihi

6. Jua umbo na plagi. Hapa ndipo wengi huumia. Pawasaplai ya kawaida ya kesi kubwa huitwa ATX: upana milimita 150, kimo 86, na urefu wa kwenda ndani kuanzia 140. Kesi ndogo za ofisini hutumia maumbo mengine, kama TFX, ambayo ni nyembamba na ndefu, au SFX. Pima ya kwako kwa rula, usiamini macho.

Mashine nyingi zilizoko huku ni za ofisini zilizotumika nje, Dell na HP, na baadhi yake hazina plagi ya pini 24 kabisa. Dell OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zina plagi kuu ya pini 8 kwenye mazabodi. HP EliteDesk 800 G1 ina ya pini 6. Pawasaplai ya kawaida ya dukani haiingii humo bila waya wa kubadilishia, na kwenye kesi zile nyembamba hata umbo halikubali. Kwa mashine za namna hii ninashauri utafute pawasaplai yenyewe ya modeli hiyo, hata kama ni iliyotumika, kuliko kuungaunga. Namba ya kifaa imeandikwa kwenye stika yake, na namba hiyo ndiyo muuzaji anayoihitaji.

Kabla ya kupiga simu Kariakoo au kwenda dukani mjini, uwe na picha hizi: stika nzima inayosomeka, kila plagi kwa karibu, upande wa nyuma unaoonyesha skrubu zilipo, na rula ikiwa imewekwa pembeni. Muulize muuzaji naye akutumie picha za anachotaka kukuuzia. Asipokubali, tafuta mwingine.

7. Soma ampea za volti 12, siyo maandishi makubwa ya wati. Kompyuta za miaka hii hutumia sehemu kubwa ya umeme wao kwenye laini ya volti 12. Zidisha 12 kwa ampea zilizoandikwa kwenye laini hiyo. Stika ikisema "500W" kwa herufi nene halafu chini, kwenye volti 12, kuna ampea 18, hiyo ni wati 216. Hizo ndizo utakazopata mahali panapohitajika, hayo mengine ni mapambo.

Kompyuta ya kazi za ofisi isiyo na kadi ya grafiki haihitaji zaidi ya wati 300 za kweli. Ukiwa na kadi kama GTX 1660 Super, mtengenezaji anashauri 450. Kwa RTX 3060 anashauri 550.

Ipime kwa mkono pia. Pawasaplai nyepesi ajabu kwa kawaida imepunguzwa vitu ndani, na vinavyopunguzwa kwanza ni vile vya kuchuja umeme na kukulinda. Alama ya 80 Plus ni dalili nzuri, kwa maana ya kwamba umeme mdogo unapotea kama joto, na kwenye chumba kisicho na kiyoyozi jambo hilo lina thamani. Kati ya pawasaplai mpya isiyojulikana jina na iliyotumika ya kampuni inayojulikana, iliyopimwa mbele yako, mimi nachukua iliyotumika. Kifaa hiki ndicho kinacholisha vingine vyote. Kikifa vibaya kinaondoka na mazabodi na hadidiski yenye kazi zako za miaka.

Ukinunua, kagua kama nyuma kuna kiswichi chekundu chenye namba 115 na 230. Kikiwepo, kiwe kwenye 230 KABLA ya kuchomeka mara ya kwanza. Ukichomeka kikiwa 115 kwa umeme wetu, utasikia mlipuko na pawasaplai mpya imekwisha hapo hapo. Nyingi za sasa hazina kiswichi hiki kwa sababu zinajirekebisha zenyewe.

Kufunga

8. Ijaribu mpya ikiwa nje, kama ulivyofanya hatua ya 4 na 5. Dakika tano hizi zinakupa haki ya kudai kwa muuzaji kabla hujaipiga skrubu. Kisha chomoa waya wa ukutani na uondoe kile kipande cha waya.

9. Toa ya zamani. Chomoa plagi moja moja ukilinganisha na picha. Usivute kwa nyaya, shika plagi yenyewe. Plagi zenye kikamatio zibanwe kwanza; zile za hadidiski, bapa na nyembamba, zivutwe zikiwa zimenyooka, kwa sababu ulimi wake wa plastiki unavunjika kirahisi na ukivunjika hadidiski imepata kilema. Shikilia pawasaplai kwa mkono mmoja, fungua skrubu nne za nyuma kwa mwingine. Kwenye kesi ambazo pawasaplai iko juu, ukiachia itaangukia mazabodi.

10. Safisha. Sasa kuna nafasi, tumia brashi. Walioko Newala na Tandahimba, kwenye vumbi jekundu la uwanda wa juu, watakuta mengi. Brashi iwe kavu, usipulize kwa mdomo, mate yanaingia.

11. Weka mpya. Ikiwa pawasaplai inakaa chini ya kesi na chini kuna matundu yenye chujio, feni itazame chini, mradi kesi iko juu ya meza. Kama kesi inakaa sakafuni, geuza feni itazame juu, la sivyo itakuwa inafyonza kila unachofagia. Ikiwa inakaa juu ya kesi, feni itazame chini. Anzisha skrubu zote nne kwa vidole kwanza, halafu kaza.

12. Chomeka kwa utaratibu huu:

- Pini 24 kwenye mazabodi, mpaka kikamatio kilie na kukamata.
- Plagi ya prosesa, pini 4 au 8, karibu na prosesa juu ya mazabodi. Hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Isipochomekwa, feni huzunguka lakini skrini haionyeshi kitu.
- Hadidiski na deki.
- Kadi ya grafiki, kama ina soketi yake ya umeme.

Plagi ya prosesa ya pini 8 na ile ya kadi ya grafiki ya pini 8 zinafanana kwa haraka, lakini nyaya za njano na nyeusi zimepangwa kinyume. Ya prosesa kwa kawaida hugawanyika nne na nne. Ya grafiki hugawanyika sita na mbili. Maumbo ya pini yametengenezwa yasikubaliane, kwa hiyo plagi ikigoma kuingia, inakuambia kitu. Itoe utazame, usiilazimishe.

Onyo lingine kubwa: kuna pawasaplai ambazo nyaya zake huchomoka pia upande wa pawasaplai. Tumia nyaya zilizokuja nayo tu. Usibakize za zamani kwa sababu "zinaingia". Mpangilio wa pini upande ule hauna kanuni moja, kila kampuni na wake, na waya wa kampuni nyingine unaweza kupeleka volti 12 mahali pa volti 5. Hadidiski inaungua sekunde ile ile.

13. Panga nyaya zisiguse feni yoyote. Hesabu skrubu kwenye kisosi. Iliyopungua itafute mpaka ionekane, maana ikiwa imelala nyuma ya mazabodi italeta shoti.

14. Washa kesi ikiwa bado wazi. Skrini na kibodi vikiwa vimechomekwa, waya ukutani, swichi kwenye I, bonyeza kitufe. Mkono mmoja ukae karibu na swichi ya ukutani. Feni zizunguke, skrini iwake, usisikie harufu wala mlio wa cheche. Ingia kwenye ukurasa wa BIOS (ule wa mipangilio ya mashine, kabla Windows haijafunguka) utazame volti kama zinaonyeshwa. Iache iwake nusu saa, kisha itumie kazi nzito kidogo. Ikikaa sawa, zima, chomoa, funga ubao wa pembeni.

Kuhusu umeme wa nyumbani kwako

Pawasaplai nyingi hazifi kwa uzee tu. Umeme ukikatika, zima swichi ya ukutani ya kompyuta, na ukirudi subiri dakika kadhaa utulie kabla ya kuwasha. Stabilaiza husaidia pale umeme unapopanda na kushuka; UPS, yaani boksi lenye betri, hukupa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Ukiwa na hela ya kimoja tu, nunua UPS yenye uwezo wa kurekebisha volti, na iwe na wati zinazozidi za mashine na skrini kwa pamoja.

Kama ukigusa kesi ya kompyuta unahisi inakutekenya au kukupiga kidogo, soketi au ekstensheni yako haina waya wa ardhi, au umekatika. Ekstensheni nyingi za bei rahisi zina tundu la tatu lisilounganishwa na chochote. Mwite fundi umeme aliyesomea airekebishe. Usikate pini ya tatu ya plagi ili iingie kwenye soketi ya matundu mawili.

Ikikataa

*Hakuna kinachotokea kabisa.* Swichi ya I na O, kisha pini 24 haijakamata, kisha nyaya za kitufe cha mbele. Nyaya hizo mbili nyembamba huenda zilichomoka ulipokuwa unapitisha mkono. Rudi kwenye picha.

*Feni zinazunguka, skrini nyeusi.* Plagi ya prosesa kwanza. Ramu pili. Kadi ya grafiki isiyopewa umeme wake tatu. Na hakikisha waya wa skrini haukuhamia kwenye tundu la mazabodi wakati kadi ipo.

*Inawaka sekunde moja, inazima, inawaka tena.* Huenda kuna shoti. Chomoa hadidiski, deki, kadi, vifaa vya USB, acha mazabodi, prosesa na ramu moja. Ikitulia, rudisha kimoja kimoja, ukizima na kuchomoa waya kila mara, mpaka umjue msumbufu. Isipotulia, tafuta skrubu iliyopotea.

*Hadidiski haionekani.* Plagi yake ya umeme au ile nyembamba ya data imelegea. Kama umetumia kiunganishi cha kugeuza plagi kubwa ya pini nne kuwa ya hadidiski, kiguse baada ya dakika kumi. Kikiwa cha moto, kitoe mara moja, vile vilivyomiminwa plastiki nzima vina sifa ya kuungua.

*Saa na tarehe zimerudi nyuma.* Betri ndogo ya mazabodi imekwisha, CR2032. Haina uhusiano na pawasaplai.

*Bado inajizima katikati ya kazi.* Joto la prosesa, au kapasita za mazabodi. Tazama vile vikopo vidogo vilivyosimama karibu na prosesa: kichwa chake kinatakiwa kuwa bapa. Kikivimba au kikivuja utomvu wa kahawia, ugonjwa uko kwenye mazabodi. Hapo peleka mashine kwa fundi pamoja na ile karatasi ya namba ulizopima, umwambie pawasaplai ni mpya na volti zake ni hizi, aanze kazi kuanzia hapo.